Uzi: Tumepanda mlima na skii miguuni tangu alfajiri, tukageuka kilele tunakiona pale pale

Mpanda_Kimya

Wakuu salaam. Kuna watu waliniomba humu nielezee siku ya kuteleza kwenye theluji kwa skii (zile mbao ndefu za miguuni) kule nje ya njia zilizosawazishwa inakuwaje, ile ambayo hakuna lifti ya kukupandisha, unapanda kwa nguvu zako mwenyewe skii zikiwa miguuni alafu ndo unashuka nazo. Nimekuwa napiga danadana ila jumapili tulienda na washkaji, watu wanne, na kuna jambo lilitokea ambalo mpaka leo kwenye grupu letu watu wanabishana, nikaona bora nishushe uzi kabisa. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu hamna ubaya.

Swali la kwanza nalijua: unapandaje mlima na kitu ambacho kazi yake ni kuteleza? Jibu ni ngozi. Ni utepe mrefu unaubandika chini ya skii kuanzia ncha mpaka mkia, upande mmoja una gundi na upande wa pili una manyoya mafupi yaliyolala kuelekea nyuma. Ukisukuma skii mbele manyoya yanalala, inateleza, ukiikanyaga ikataka kurudi nyuma manyoya yanasimama yanang'ang'ania theluji. Zamani ilikuwa ngozi ya sili kweli, siku hizi ni nailoni au mohea (manyoya ya mbuzi) au mchanganyiko wa vyote viwili, mohea inateleza vizuri, nailoni inashika zaidi na inadumu. Kingine ni vifungio. Buti limeshikwa mbele na pini mbili tu, kisigino kiko huru kinainuka kila hatua, ukifika juu unakifunga kisigino unakuwa na skii kama za mtu mwingine yeyote. Mtindo huo wa pini aliuanzisha Fritz Barthel wa Austria miaka ya 1980 na mpaka leo vifungio vingi vyepesi vinafuata wazo lile lile.

Sasa siku yenyewe inaanza jana yake jioni, hapo ndo watu wengi hawaelewi. Jumamosi usiku tumekaa na ramani na taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji. Kipimo kina ngazi 5, nchi za Ulaya zilikubaliana kutumia kimoja mwaka 1993, kabla ya hapo kila nchi na chake. Taarifa ilisema ngazi ya 3, miteremko inayotazama kaskazini na mashariki, juu ya mita 2,200. Sababu mbili: theluji mpya iliyopeperushwa na upepo ikarundikana upande wa pili wa migongo ya milima, na chini yake kuna tabaka bovu la mwanzo wa msimu ambalo halijashikana. Mtu akiona 3 kati ya 5 anadhani ni nusu kwa nusu, mambo ya kawaida. Hapana. Uswisi karibu nusu ya wanaokufa kwenye maporomoko wanakufa siku za ngazi ya 3, kwa sababu kwenye 4 na 5 watu wanajifungia ndani, kwenye 3 jua linawaka, anga ni bluu, na kila mtu yuko mlimani.

Muda tulipiga kwa hesabu ya Werner Munter, yule mwongoza wapanda milima wa Uswisi. Chukua kilomita za njia, chukua mita za kupanda ugawe kwa 100, jumlisha, alafu gawa kwa 4 unapata masaa. Sisi njia kilomita 6, kupanda mita 1,000, yaani 6 na 10 ni 16, gawa kwa 4, masaa manne bila kupumzika. Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tushapaki gari, giza totoro, kila mtu anahangaika kubandika ngozi na vidole haviskii amri.

Kabla ya hatua ya kwanza kuna ukaguzi wa transiva. Hiki ni kifaa unakifunga kifuani chini ya jaketi, kinarusha mawimbi ya 457 kHz siku nzima, ukifukiwa wenzako wanageuza vyao kwenye kutafuta wanakufuata. Mmoja anatangulia mita kama ishirini anasimama, wengine wanapita mmoja mmoja mbele yake anasikiliza kila kifaa kinarusha. Simu inakaa mbali nacho, angalau sentimita 20, maana inakivuruga, na wakati wa kutafuta iwe 50 au uizime kabisa. Begi la kila mmoja lina koleo la chuma la kuchimbia na fimbo ya kuchokolea inayokunjuka ikawa mita mbili na nusu hivi. Hivi vitu vitatu usipokuwa navyo hata kimoja hauendi, unarudi kulala kwenye gari, na kwetu hilo halina mjadala hata uwe nani.

Tukaanza. Sheria ya nguo ni kuanza ukiwa unaskia baridi, sababu ukianza umejifunika vizuri baada ya dakika kumi umelowa jasho, na jasho likipoa juu kule ndo utajua haujui. Mwendo wa kupanda haunyanyui mguu, unaburuza skii inakaa juu ya theluji muda wote, anayenyanyua anachoka kabla ya saa moja. Mlima ukikaza unapanda kwa zigizaga na kwenye kila kona kuna ule mgeuko wa teke: unasimama, skii ya juu unaizungusha mpaka inatazama upande mwingine, unahamishia uzito, alafu ile ya chini unaipiga kisigino ncha inaruka juu na kukufuata. Ukiielewa ni sekunde tatu. Usipoielewa unabaki miguu imepishana juu ya mteremko fimbo za mkononi zinatetemeka na foleni inakusubiri nyuma.

Aliyekuwa anafungua njia muda mwingi ni Mrefu, miguu yake ile anakata theluji inayofika magotini kama haipo. Nyuma yake Dada Mkubwa ambaye ndo ana uzoefu kuliko sote, alafu mi, alafu Dogo. Jua lilitukuta tumetoka msituni. Wakuu hapo maneno sina, kilele kimeshapata mwanga wa chungwa sisi bado tupo kwenye kivuli cha bluu, pumzi inatoka moshi, sauti pekee ni ngozi zinakwaruza theluji. Basi niachie hapo nisije nikaanza ushairi.

Sasa ishu yenyewe. Tunavuka sehemu ya tambarare kabisa kwenye kama mita 2,300, mbele yetu kuna bakuli kubwa (mteremko uliobonyea kama bakuli) linalotazama kaskazini linapanda mpaka kileleni, hilo ndo tulilolifuata, theluji ya unga haina hata alama moja. Ghafla tukasikia VUUMP. Kishindo kizito cha chini chini, kama gunia limedondoshwa chumba cha jirani, na theluji yote tuliyosimama juu yake ikashuka kidogo. Kama sentimita moja tu. Wote tukaganda.

Maana yake ni kwamba tabaka bovu lililo chini limevunjika kwa uzito wetu na uvunjikaji umekimbia pembeni. Kwenye tambarare hakuna pa kuteleza kwa hiyo unaskia kishindo tu. Kwenye mteremko wa digrii 30 na kuendelea bamba lote la juu, yaani theluji iliyoshikana juu ya tabaka bovu, linaondoka na wewe. Na sio lazima uwe umesimama juu yake, unaweza kuwa chini kwenye tambarare ukauangusha mteremko ulio juu yako.

Dada Mkubwa akasema tuchimbe tuone. Tukarudi nyuma pembeni kidogo, sehemu fupi salama inayotazama upande ule ule, tukachimba shimo mpaka karibu na ardhi, tukakata nguzo ya theluji upana sentimita 90 na kina sentimita 30 kwenda nyuma, imeachanishwa pande zote. Unalaza koleo juu kwenye ncha moja ya nguzo, unapiga mara kumi kwa kiganja mkono ukichezea kwenye kifundo, kumi kutoka kwenye kiwiko, kumi kutoka begani. Kifundo, kimya. Tukaingia kwenye kiwiko, hata hatukufika mbali, ukatokea mstari mwembamba ukakimbia kutoka ncha moja mpaka nyingine kufumba na kufumbua, na bamba lote la juu likateleza likanidondokea mapajani. Nikachota lile tabaka la chini kwa glavu: punje kubwa kubwa zenye pembe, zinang'aa, hazishikani hata kidogo, zinamwagika katikati ya vidole. Juu yake limekaa bamba la nusu mita. Bakuli lenyewe kwenye ramani ni digrii 38, yaani pale pale katikati ya eneo ambalo mabamba mengi yanaachia.

Mjadala ulikuwa mfupi ila haukuwa mtamu. Dada Mkubwa: hapana. Mi: hapana. Dogo: mi nafuata mtakavyosema (hili jibu silipendi, ntalirudia). Mrefu ndo akanuna. Hoja yake: tumeamka saa tisa, nimefungua njia masaa matatu, kilele kiko pale, tukipanda kwa kubana kule kushoto kwenye mgongo wa mawe tunaweza kufika bila kugusa bakuli, alafu kushuka tutaona. Tatizo ni hapo kwenye "tutaona". Ukishafika juu umechoka, njia rahisi ya kurudi ni kupitia bakuli, utashuka bakuli.

Tukageuka. Tukabandua ngozi, tukafunga visigino, tukateremka kwenye msitu wa wazi chini ya digrii 30, mmoja mmoja, mwingine anasimama pembeni pa usalama anaangalia. Na theluji ilikuwa tamu ajabu wakuu, inapanda mpaka kifuani, Dogo anapiga kelele mpaka msitu unaitika.

Tupo chini tunakunja ngozi, kuinua macho, watu watatu wa kundi lingine wako kileleni. Wakashuka bakuli lote. Kona nzuri nzuri mpaka chini, hakuna kilichotokea. Mrefu akatuangalia hakusema neno, akapanda gari.

Sasa nyie semeni. Tulikuwa waoga?

Kisiki_Kikavu

Uzi bila picha haujakamilika mkuu. Ila nijibu swali lako, ndio mlikuwa waoga. Wenzenu wameshuka wamefurahi nyie mmeishia msituni. Matokeo ndo yanaongea, mengine nadharia.

Nyuzi38

Kisiki hapo unapotosha watu. Matokeo kwenye theluji hayaongei chochote, na hii ndo sehemu mbaya kuliko zote za mchezo huu. Mteremko ukiwa mbovu haumaanishi kila anayepita anaanguka nao. Lile bamba lina sehemu nene na sehemu nyembamba, ukipita kwenye nene uzito wako haufiki kwenye tabaka bovu, akipita mwenzako mita tano pembeni palipo pembamba, karibu na jiwe lililofukiwa, linaachia lote. Kuna miteremko imeshukwa na watu kadhaa ikaja kumchukua wa mwisho. Kwa hiyo wale watatu hawajathibitisha mteremko ni salama, wamethibitisha kwamba mistari yao mitatu saa ile haikugusa pabovu.

Ubaya wake ni kwamba mlima haukwambii. Umefanya uamuzi mbovu, umeshuka, umefurahi, ubongo unaandika "nilifanya vizuri". Wiki ijayo unarudia. Unaweza kurudia miaka ukidhani wewe ni fundi.

Kisiki_Kikavu

Sawa lakini kwa mantiki hiyo hiyo nao hawajui kama walikuwa sahihi kugeuka. Labda bakuli lilikuwa salama kabisa.

Nyuzi38

Kweli, hawajui. Hawatajua milele. Ila wao walikuwa na kishindo chini ya miguu, jaribio la nguzo limepasuka lote, taarifa ya hatari inasema kitu hicho hicho upande huo huo, na mteremko wa 38. Dalili nne zote zinaongea lugha moja. Ukishapata hizo unataka na nini tena, barua?

shangazi_wa_barafu

Mwanangu Mpanda, hongera kwa uzi. Mimi nimeteleza milima hii tangu ngozi zinafungwa kwa mikanda, na ningegeuka kwenye kile kishindo bila hata kuchimba shimo. Kishindo ni mlima unakwambia wenyewe. Jaribio la nguzo linaweza kutoa jibu zuri hapa na baya hatua kumi mbele, kwa hiyo mimi hutumia shimo kunipa sababu ya kusema hapana, situmii kunipa ruhusa ya kwenda. Kama ningepata jibu zuri kwenye shimo baada ya kishindo, bado nisingeenda.

Lakini nataka tuongee kuhusu huyo kijana aliyesema "nafuata mtakavyosema". Hapo ndipo pana kazi. Mmarekani mmoja, Ian McCammon, mwaka 2004 alichapisha uchambuzi wa ajali zaidi ya 700 za maporomoko kwao, na akaona kwamba waliofukiwa wengi dalili zilikuwepo wazi, tena baadhi yao walikuwa wamesomea mambo haya. Kilichowapeleka ni watu. Mteremko wanaoujua, kilele walichojiapia, mtu mmoja kwenye kundi anayeonekana mjuzi na wengine wanamfuata, kundi lingine limekaribia nalo linataka theluji ile ile. Someni tena uzi huu, karibu vyote vilikuwepo siku hiyo.

Kwetu anayeulizwa kwanza ni mgeni kabisa kwenye kundi. Mwenye uzoefu anaongea mwisho, maana akianza yeye wengine wanaitikia tu. Na mmoja akisema hapana, inakuwa hapana, haombwi sababu.

Mpanda_Kimya

Shikamoo shangazi. Hiyo ya mwenye uzoefu kuongea mwisho nimeichukua. Sisi Dada Mkubwa alianza, na kusema ukweli baada ya yeye kuongea sijui kama kuna mtu alikuwa anafikiria kwa kichwa chake.

Kisiki picha zipo, za asubuhi tu, kwenye shimo mikono yote ilikuwa na kazi.

dogo_wa_baridi

Naweka kambi hapa. Wakuu samahani mi ni mgeni kabisa, nimeteleza kwenye njia za lifti tu. Hivi huu ndo ule mchezo ulioingia Olimpiki ya 2026? Na swali la pili, ukifukiwa si unachimba tu unatoka, theluji si laini?

Nyuzi38

Ule wa Olimpiki ya Milano Cortina ni ndugu yake wa mashindano, wanapanda na kushuka kwa saa, skii nyepesi mno, kubandua ngozi wanafanya kwa sekunde chache tu. Hawa wa kwenye uzi wanatembea na chupa ya chai.

Swali la pili. Hapana dogo, futa hiyo picha kichwani. Theluji mpya ni laini kweli, mita moja ya ujazo inaweza kuwa na kilo hata chini ya 100. Ikishaporomoka inasagika, inajishindilia, ikisimama inakaza papo hapo, mita ile ile sasa ina kilo 300 mpaka 500. Aliyefukiwa mara nyingi hawezi kusogeza hata kidole, na wengi hawajui juu ni wapi. Hutoki. Unatolewa.

Na muda ni mchache kikatili. Ukitolewa ndani ya dakika 10 za kwanza uwezekano wa kuwa hai ni mkubwa sana, zaidi ya tisa kati ya kumi. Baada ya hapo uwezekano huo unashuka vibaya maana hewa imekwisha, ikifika nusu saa wengi wameshaondoka. Helikopta haiwezi kuwahi. Wanaokuokoa ni hao watatu uliokuja nao, ndo maana kuchagua marafiki wa kwenda nao ni jambo zito kuliko kuchagua skii.

Fundi_Koleo

Hapo kwenye marafiki niongezee, maana watu wananunua transiva ya bei mbaya wanadhani kazi imeisha. Transiva inakufikisha karibu tu. Unakimbia mpaka unashika mawimbi, unafuata mishale, ukibakisha mita chache unapiga magoti unashusha kifaa mpaka usawa wa theluji, unakisogeza kwa msalaba ukitafuta namba ya umbali iliyo ndogo kuliko zote. Hapo unachomoa fimbo unachoma kwa mduara unaopanuka, kila baada ya sentimita 25, ukigonga kitu kinachobonyea kidogo usiichomoe, iache hapo hapo, ndo alama yako.

Alafu inakuja kazi inayokula muda kuliko yote, kuchimba. Mtu aliye mita moja chini unahamisha zaidi ya tani ya theluji kumfikia. Usichimbe wima juu yake kama kisima, utakanyaga nafasi yake ya hewa na theluji inarudi shimoni. Rudi nyuma upande wa chini wa mteremko, ingia kwa ubavu. Mkiwa watu wengi mnajipanga umbo la V, wa mbele anakata, wa nyuma wanasukuma theluji nje kama wanapiga makasia, mnabadilishana kila dakika kwa amri. Na beleshi la plastiki acha nyumbani, linapinda kwenye theluji iliyokaza.

Fanyeni mazoezi. Fukieni begi lenye transiva, pigeni saa. Mara ya kwanza mtachukua muda wa aibu.

dogo_wa_baridi

Duh. Na yale mabegi ya puto? Nimeona mtu anavuta mpini linajaa upepo.

Fundi_Koleo

Yanasaidia, ila sio hirizi. Kwenye maporomoko vitu vikubwa vinaelekea kupanda juu vidogo vinazama, puto linakufanya kitu kikubwa zaidi, basi. Utafiti mmoja wa 2014 ulioangalia watu walionaswa vibaya ulikuta waliokufa walishuka kutoka 22 kati ya 100 mpaka 11 puto likijaa. Nusu. Sio sifuri. Na puto haliwezi kitu ukigongwa kwenye miti au ukasukumwa juu ya jabali. Pia kuna watu wakishavaa puto wanaanza kuchagua miteremko ambayo wasingeigusa, hapo faida yote imekwenda.

Kisiki_Kikavu

Aisee Nyuzi na Fundi mmenifunga mdomo kidogo. Ila bado nauliza kistaarabu sasa, ukiwa unageuka kila ukiskia kishindo, si utaishia msituni msimu mzima?

shangazi_wa_barafu

Kuna misimu ya hivyo. Tabaka bovu la mwanzo wa msimu linaweza kukaa wiki nyingi, hasa theluji ikiwa haba na usiku ni wa baridi kali wenye anga safi. Unafanyaje? Unachagua miteremko chini ya digrii 30 na usiwe na mwinuko mkali juu ya kichwa chako, unashuka hapo na unafurahi. Digrii 27 kwenye theluji ya unga inatosha kabisa kukutoa machozi ya furaha. Majira ya machipuko yakija, theluji inayeyuka mchana inaganda usiku, matabaka yanashikana, hapo milima mikubwa inafunguka: unaanza kupanda usiku, unafika juu asubuhi, unashuka pale inapoanza kulainika tu kwa juu. Ukichelewa masaa mawili imeshakuwa uji na ni hatari nyingine. Hata ile safari maarufu ya siku kadhaa ya Chamonix mpaka Zermatt watu wengi wanaipiga kipindi hicho, Machi mwishoni na Aprili.

jicho_la_mwewe

Nasoma kimya kimya ila nina swali la kijinga, mnajuaje hizo digrii ukiwa umesimama mlimani? Mi kila mteremko naona ni ukuta.

Nyuzi38

Ramani nyingi za simu siku hizi zina rangi, kuanzia 30 inaanza njano, chungwa, inakwenda nyekundu. Hiyo ni ya nyumbani, na ramani huwa haioni vimteremko vifupi. Ukiwa pale tumia fimbo zako za mkononi. Laza moja kwenye theluji kuelekea chini ukiweka alama ya urefu wake, isimamishe kwenye ncha ya juu ya ile alama. Nyingine yenye urefu sawa ining'inize wima kutoka kwenye kichwa cha ile ya kwanza, iegemeze mpaka ncha yake iguse theluji. Ikigusa pale pale kwenye alama ya chini una digrii 30. Ikigusa chini ya alama umevuka 30, na kila sentimita 10 chini ya hapo ongeza kama digrii 3. Ukishafanya mara nyingi jicho lenyewe linazoea. Na alama nyingine rahisi, ukiona kwenye kupanda umelazimika kuanza ile migeuko ya teke, ujue tayari unaikaribia 30.

Mrefu_Mwenyewe

Nimetumiwa link ya huu uzi na mtu. Mimi ndo yule aliyenuna.

Mpanda umeandika vizuri lakini umeacha vitu. Kwanza sikusema tushuke bakuli, nilisema tupande mgongo wa mawe na turudi kwa njia ile ile ya mgongo. "Tutaona" ni neno lako, mi nilisema tutaangalia. Pili, mgongo ule upepo umeupiga mpaka mawe yako nje, theluji yake nyembamba, hakuna bamba la kuongelea. Dada Mkubwa mwenyewe jana kwenye simu amekubali mgongo ulikuwa unapandika. Tatu, hakuna aliyefungua njia isipokuwa mimi na hakuna aliyesema asante.

Ya kishindo sibishi. Nilikiskia mpaka kwenye meno. Na kuhusu wale watatu wala sikuwaonea wivu, nilikaa kimya kwenye gari sababu nilikuwa naangalia ule mstari wa kushoto wa yule wa pili, amepita juu kabisa ya jiwe lililofukiwa, pale pale ambapo Nyuzi38 anasema. Nilikuwa nasubiri limchukue. Nilishaanza kuhesabu tutatumia dakika ngapi kurudisha ngozi na kupanda mpaka pale. Kwa hesabu yangu tusingewahi.

Mpanda_Kimya

Kaka mbona hukusema yote hayo siku tatu nzima, sisi tunadhani umetukasirikia.

Mrefu_Mwenyewe

Nimekasirika pia. Masaa matatu ya kufungua njia. Jumamosi utabiri unasema anga safi, upepo kidogo, taarifa imeshuka kwenye 2 ila ile ya tabaka la chini bado wameiacha upande wa kaskazini. Nimetazama ramani, kuna mgongo wa kusini kwenye kilele kile kile, hauvuki 29 popote, mrefu zaidi kwa kilomita mbili. Kwa hesabu ya Munter ni masaa manne na nusu. Mbele anafungua Dogo, nyuma yake wewe. Mimi nafunga mkia na chupa ya chai.

dogo_wa_baridi

Ni Dogo mwingine huyo au mimi? Mi bado sijanunua hata koleo.

Mrefu_Mwenyewe

Mwingine. Wewe anza na kozi, ya siku mbili inatosha kwa kuanzia, na ngozi kodisha kwanza. Ukishakuwa nazo usiku zianike mbali na hita, gundi inaharibika kwa joto, alafu zikunje gundi kwa gundi.

Kisiki_Kikavu

Picha za jumamosi tuwekee tafadhali. Na za shimo.